Glavu za kupaa samaki kwa mwenye ganzi ya kisukari: nimezijaribu aina tatu

Binti wa dukani alizitandaza zile glavu juu ya kaunta, akazibinyabinya kama mtu anayechagua embe, kisha akaniambia, "Hizi, baba, ukivaa ni kama hujavaa. Kila kitu unakihisi." Nikamwambia, mwanangu, mimi hata nisipovaa sihisi. Akacheka, akadhani natafuta kupunguziwa bei. Nilipomwonyesha kidole cha kati cha mkono wa kushoto, ambacho pingili yake ya juu haipo, alinyamaza. Akanipunguzia shilingi elfu moja.

Nimeanza na hilo ili ujue anayeongea nawe ni nani. Mimi ni mpaa samaki hapa Feri, soko la Magogoni jijini Dar es Salaam, na meza yangu naijua miaka 26 sasa. Sukari niligundulika nayo mwaka 2009. Wanaosifia glavu ni wengi, lakini wengi wao wana vidole vizima. Watakwambia glavu fulani ni nyepesi, eti ukiwa umeivaa unaweza kuokota hata sarafu ya shilingi hamsini mezani. Kwangu sifa hiyo ni bure kabisa. Sarafu siipati kwa vidole hata mikono ikiwa mitupu, naitafuta kwa macho. Ninachotaka mimi glavu inizuilie kitu kisiingie mwilini, maana kikiingia sina wa kuniambia.

Ganzi ilianzia miguuni. Ndara ilikuwa ikinitoka njiani, naenda hatua kumi na mguu mtupu, hadi mtu anaita, "Mzee, ndara yako ile kule!" Nikawa nacheka nao. Usiku nyayo zinawaka kama nimekanyaga majivu ya moto, mchana hazina habari. Miaka ikapita, ganzi ikapanda hadi karibu na magoti, na hapo ndipo ncha za vidole vya mikono nazo zikaanza, kwanza kama nimeshika barafu muda mrefu, baadaye kama nimevaa kitu. Kliniki walinieleza kwamba sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu pamoja na vile vishipa vidogo vya damu vinavyoilisha, na mshipa mrefu ndio unaoumia mwanzo, ndiyo maana vidole vya miguu vinatangulia. Mtindo huo madaktari wanauita soksi na glavu. Kumbe glavu nilikuwa nimeshavaa kabla sijanunua.

Sasa niwaambie kuhusu tasi.

Tasi ni samaki mtamu, hasa wa kuchoma, lakini ni mkorofi. Ana miiba 13 mgongoni, mingine saba chini kuelekea mkiani, na kwenye mapezi ya tumboni pia ipo. Yote ina sumu, na samaki akifa sumu haifi naye. Nimewaona wavuvi wenye ndevu zao wakirukaruka kwa mguu mmoja kwa ajili ya mwiba wa tasi aliyelala kwenye barafu tangu jana. Sisi wapaaji tasi tunampaa kwa adabu.

Machi mwaka juzi nilikuwa napaa ndoo ya tasi wa mama mmoja wa Kigamboni. Nikaona maji ya mezani yamekuwa mekundu kuliko kawaida, nikajua ni damu ya matamvua. Nikaendelea. Kijana wa meza ya pili ndiye aliyesema, "Mzee wangu, kuna kitu kidoleni." Nikatazama. Mwiba ulikuwa umesimama kwenye ncha ya kidole cha kati, umezama karibu nusu yake, na mimi nimeshapaa samaki wengine wanne au watano nikiwa nao. Sikuwa nimesikia hata kidogo. Yule kijana alinitazama usoni kwa muda, akawa anasubiri nipige kelele.

Dawa yetu ya pwani kwa mwiba wa tasi ni maji ya moto. Ni dawa ya kweli, maana sumu ile haivumilii joto, inaharibika. Ila maji hayo mtu huyapima kwa kuvumilia kwake mwenyewe: yakizidi, mkono unajitoa bila kuulizwa. Mimi nilitumbukiza vidole kwenye sufuria ya mama wa chai nikakaa navyo humo, nikawa napiga soga ya Simba na Yanga. Nilipovitoa, ngozi ya vidole viwili ilikuwa kama ya kuku aliyetiwa maji tayari kunyonyolewa. Kwa hiyo badala ya jeraha moja nikawa na mawili, na yote mawili kimya.

Nikafunga kitambaa. Kesho yake nikarudi kazini. Siku ya tatu kidole kimevimba, nikaenda zahanati moja ya mtaani, wakanipa vidonge vya maumivu. Mimi, nisiye na maumivu! Hakuna aliyenipima sukari na mimi sikusema kwamba ninayo, kwa hiyo lawama tunagawana. Siku ya tano mkono mzima ulikuwa umeumuka kama andazi, wekundu umepanda hadi kifundoni, natetemeka kwa homa. Hospitali walinipima sukari ikasoma 24. Usiku uleule nikapelekwa chumba cha upasuaji, wakapasua, wakatoa usaha, wakanianzishia insulini na dawa za mshipani. Nililala wodini siku tisa. Pingili waliyoikata niliombwa niisainie, nikaweka sahihi kwa mkono wa kulia.

Daktari mmoja pale aliniambia mkono kama wangu una jina lake katika vitabu vyao, mkono wa kisukari wa nchi za joto, na jiji letu limo kwenye historia yake. Mwaka 2002 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha taarifa kuhusu wagonjwa wa Dar es Salaam waliopatwa na hali hii kati ya 1998 na 2002. Kabla ya hapo, miaka ya 1980, ilikuwa imeelezwa huko Nigeria. Inaanza na kitu cha kupuuzwa: mkwaruzo, mdudu, mwiba. Wapo waliopoteza mkono, wapo waliofariki, na kuchelewa kufika hospitali ni sehemu kubwa ya habari hiyo. Nilipotoka wodini jambo la kwanza nilitafuta glavu. La kwanza nilipaswa kutafuta ni mashine ya kupimia sukari, lakini ndivyo tulivyo.

Aina ya kwanza: zile za mpira za kuoshea vyombo, ndefu hadi karibu na kiwiko. Nilizinunua Kariakoo, shilingi elfu nne. Zinazuia maji na shombo, na kwa mke wangu jikoni sina neno nazo. Kwa samaki ni karatasi. Mwiba wa changu tu unazitoboa, na tundu lenyewe hulioni. Maji ya samaki yanaingia polepole, yanakaa humo na jasho, na baada ya saa mbili unatoa mkono mweupe, umekunjamana kama wa mtu aliyeopolewa baharini. Ngozi iliyolowa hivyo inachanika kwa kukwaruzwa tu. Nilizitumia wiki mbili. Kitu kimoja nilijifunza kwazo: jioni jaza glavu maji, ikunje mdomo, ikamue. Pakiwa na tundu, utaona kiuzi cha maji kinaruka. Siku ya tatu tu zangu zilikuwa zinakojoa vidole vitatu.

Aina ya pili ndizo alizoniuzia yule binti, katika duka la vifaa vya usalama kazini: za kijivu, za kufumwa, za kuzuia kisu. Bei elfu kumi na tano, nikalipa kumi na nne. Hizi nazisemea vizuri, na kuna sababu. Wiki ya pili nilikuwa napasua kolekole mkubwa, kisu kikateleza kwenye mfupa wa kichwa, kikapita juu ya kidole gumba cha kushoto. Nilitambua jioni tu, wakati wa kuzifua, nilipoona mstari mwembamba kwenye nyuzi, mrefu kama kijiti cha kiberiti. Chini yake kidole kizima. Bila glavu hiyo ningekuwa nasimulia mengine.

Lakini hapa ndipo mnunuzi anapodanganyika, na mimi nilidanganyika. Mgongoni mwa glavu nzuri utakuta alama ya nyundo kwenye ngao, imeandikwa EN 388, na chini yake tarakimu nne, mara nyingine na herufi baada yake. Hicho ni kipimo cha Ulaya. Tarakimu ya kwanza ni kusuguliwa, ya pili kukatwa, ya tatu kuchanwa, ya nne kutobolewa. Herufi, kuanzia A hadi F, ni kipimo kingine cha kukatwa. Zangu za kijivu zina C, safi kabisa. Ya nne, hiyo ya kutobolewa, imeandikwa X. Nikadhani X ni alama ya juu kuliko zote. Kumbe X maana yake hawakuipima! Isitoshe, hata wanapopima, wanatumia chuma kinene kama msumari, wala si kitu chembamba kama mwiba wa tasi. Kwa mpaa samaki, glavu inayozuia kisu na kuruhusu mwiba ni nyumba yenye mlango wa chuma na dirisha la pazia.

Nilithibitisha mwenyewe. Nilinunua karoti, nikazichonga zikawa na unene wa kidole, nikaziingiza kwenye vidole vya glavu, nikamchukua tasi mmoja na kumbonyeza juu yake mara kumi kwa kila glavu, kwa nguvu ileile ninayomshikia siku zote. Wenzangu wakaniona nimechanganyikiwa. Mpira wa vyombo: karoti ilitobolewa mara kumi zote. Za kijivu: mara nane. Karoti nayo kama kidole changu, haikusema kitu, ilibidi niikate katikati nitafute matundu.

Mwingine aliyesimama pale kutazama ni baharia mmoja, na ndiye aliyeniambia, "Mzee, wewe unatafuta glavu za chomboni." Hizo ndizo aina ya tatu. Ni za rangi ya chungwa, plastiki nene iliyokwaruzwa kwa nje ili samaki asiteleze, ndani zina kitambaa cha pamba. Nilizipata kwenye duka la zana za uvuvi kwa shilingi elfu tisa na mia tano. Ukizivaa unakuwa na mikono ya katuni. Tarakimu yake ya nne ni 2, wala haitishi, lakini unene wenyewe ndio kinga: kwenye karoti, miiba ilipenya mara mbili katika kumi. Kisha nikavaa ya kijivu ndani, ya chungwa juu. Mara kumi zote, hakuna iliyofika. Nikarudia tena siku nyingine kwa tasi mwingine mkubwa zaidi, ikafika mara moja, kwa shida.

Basi huo ndio mtindo wangu, na huu ni mwezi wa tano tangu niuanze. Kijivu ndani, chungwa nje. Nasema wazi kasoro zake, kwa sababu zipo.

Ya kwanza ni kasi. Ndoo niliyokuwa naimaliza kwa dakika ishirini sasa inanichukua nusu saa. Wateja wa jumla, wale wenye hoteli, wengine wamehamia meza za vijana. Siwalaumu. Ya pili ni joto: mwezi wa pili hapa Feri, saa nne asubuhi, mkono ndani ya tabaka mbili unachemka. Nimejiwekea utaratibu, kila dakika arobaini navua, nakausha mkono kwa taulo, hasa katikati ya vidole, nasubiri kidogo. Kuvaa juu ya ngozi iliyolowa ni kujitafutia fangasi. Ya tatu ni saizi, na hapa yule binti wa kaunta hana kosa, hakujua. Alinipima kiganja kwa futi kamba akasema nane. Kiganja ni nane kweli, lakini vidole vyangu havinyooki. Kliniki waliniambia niunganishe viganja kama ndugu zetu Wakristo wanavyosali, na vidole vyangu havikutani, pale katikati unapitisha penseli. Hiyo nayo ni kazi ya sukari, ngozi na viungo vinakakamaa. Mkono wa namna hiyo hauingii kwenye glavu yake halali. Jaribu ile sala ya viganja kabla ya kwenda dukani, na ukiona mwanga unapita, chukua saizi moja juu. Ya nje mimi navaa kumi.

Na jambo ambalo hakuna muuzaji atakayekuambia: pigapiga glavu na uigeuze kabla ya kuivaa. Gamba la chewa au kipande cha mwiba kikibaki ndani, mwenzako atakisikia atakitoa. Wewe utashinda nacho. Mara moja nimekuta kokoto. Kokoto, tena ya saizi ya punje ya mahindi, na nilikuwa nimeivaa asubuhi nzima; kiganjani imeacha shimo.

Usiniulize kuhusu moto. Glavu hizi hazizuii joto na plastiki ya nje inayeyuka ukigusa sufuria. Kwa maji ya moto sasa natumia kiwiko, maana huko bado nahisi, au namwita mke wangu. Chai yenyewe nashika kikombe chenye mkono.

Mkono wa kulia, wa kisu, nauacha na ile ya kijivu peke yake. Kisu chenyewe kilikuwa kinanitoka mkononi bila taarifa, hadi nilipozungushia mpini mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, tabaka tatu. Mpini mnene unashikika hata kwa vidole visivyohisi. Fundi baiskeli alinipa bure, na ndiyo bidhaa bora kuliko zote katika habari hii.

Jirani yetu mmoja, mkaanga samaki, naye ana sukari, aliona glavu zangu akaenda kununua kama hizo kwa sababu mikono yake inakufa ganzi. Baada ya wiki akanijia juu, pesa yake imepotea. Nikamuuliza ganzi yake ikoje. Ni gumba, cha shahada na cha kati. Kidole kidogo kizima. Miguu haina shida. Inamwamsha usiku, anakung'uta mkono kama anayekausha maji, inatulia. Nikamwambia, dada yangu, hiyo si yangu, nenda ukaiseme hivyohivyo kliniki. Walimkunja vifundo vya mikono dakika moja, ganzi ikaja palepale. Ni mshipa uliobanwa kifundoni, na wenye sukari wanaupata zaidi kuliko watu wengine. Amepewa kishikizo cha kulala nacho kinachonyoosha kifundo, na anasema analala. Glavu zake nilizinunua mimi kwa nusu bei.

Kuna vijana wanaopita foleni ya pantoni na vichupa vya mafuta ya ganzi. Nilinunua kimoja, elfu tano. Kina pilipili ndani, nadhani, maana nilijipaka vidole sikusikia kitu, nikajipaka zaidi, kisha nikajifuta jasho la uso. Jicho lilinikumbusha siku mbili kwamba mishipa ya fahamu ya usoni iko salama. Pilipili kama dawa ya kupaka ipo kweli hospitalini, lakini wanaitumia kwa maumivu ya kuwaka. Ganzi yenyewe hairudishi. Kwa kuwaka mimi nimepewa amitriptilini, kidonge kimoja kidogo usiku. Kinakausha mdomo na kinaleta usingizi mzito, kwa hiyo nakimeza baada tu ya Magharibi, la sivyo saa kumi alfajiri boti zinaposhusha mimi bado nakoroma. Waliangalia pia vitamini B12, kwa sababu metfomini, kidonge cha sukari, ikimezwa miaka mingi inaweza kuishusha, na upungufu wake nao unaleta ganzi. Yangu ilikuwa chini, nikachomwa sindano. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kilikuwa 11.2 nilipotoka wodini, sasa ni 7.9. Muuguzi akikipima kidole kwa kile kijiuzi cha nailoni kinachopinda kwa uzito wa gramu kumi, nikiwa nimefumba macho, bado mara nyingi nasema "bado" wakati ameshagusa. Ila hakuna kidole kipya kilichoongezeka.

Jioni, kabla ya kula, nakaa chini ya taa na mke wangu anavikagua vidole kimoja kimoja, mbele na nyuma, kama anayechambua mchele. Mara mbili ameona kitu ambacho mimi nisingekiona. Mara ya pili ulikuwa mwiba wa kibua kwenye mkono wa kulia, ule wenye kijivu tupu. Tulikwenda hospitali usiku huohuo, nikasema neno "kisukari" kabla sijasema jina langu, nikasafishwa, nikapewa dawa, nikarudi nyumbani kwa bodaboda saa tano. Elfu tatu ya boda. Siku tisa za wodi zilinigharimu friza yangu.

Kwa hiyo alama zangu ni hizi. Mpira wa vyombo, moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya mke wangu. Kijivu, tatu: za lazima, lakini usiende vitani nazo peke yake. Chungwa, nne, na ningetoa nne na nusu kama zingekuwa na mkanda wa kubana kifundoni, maana maji ya barafu yanaingia juu. Yote mawili pamoja, shilingi elfu ishirini na tatu na mia tano kwa bei niliyolipa mimi. Zifue kwa sabuni, zigeuze, zianike kivulini. Ya plastiki ukiianika juani inakakamaa, na tayari tuna vidole vya kukakamaa.

Lalamiko langu la mwisho ni la biashara. Ya kijivu haina kulia wala kushoto, unaigeuza tu. Ya chungwa inauzwa kwa pea, na mimi navaa ya kushoto peke yake, mkono unaomshika samaki. Inadumu wiki saba, nane, plastiki inapasuka kwenye kikunjo cha gumba. Nimemwomba mwenye duka aniuzie ya kushoto tupu, akanitazama kama nimeomba kununua kiatu kimoja. Ukihesabu na zile za jirani mkaanga samaki, za kulia sasa ninazo nne nyumbani, mpya, hazijaguswa na maji. Kama kuna mpaa samaki anayeshika kisu kwa kushoto, saizi kumi, aje Feri kabla ya saa nne asubuhi aulizie mzee wa karoti. Pesa sitaki, aniletee za kushoto.